Mifugo ya Mwalimu Idd

Kijiji kizima cha Nangwa kinajua kwamba Marieta hajawahi kupoteza ng'ombe wa mtu. Ukimkabidhi mnyama, wewe nenda kalale. Ndiyo maana mwalimu Idd, mpangaji wake kutoka Tanga, alipoitwa Dodoma kusahihisha mitihani, hakuhangaika kutafuta mtu mwingine wa kumwachia tangi lake la kioo.

Ndani ya tangi kulikuwa na maji ya chumvi na matumbawe laini, viumbe visivyo na macho wala miguu, vimekaa juu ya mawe vikipunga vidole siku nzima. Mwalimu alivikuza tangu yuko chuoni, kutoka kipande kimoja alichopewa na rafiki.

"Hawa si maua, mama," alimwambia. "Ni wanyama. Wanakula, wanaugua, wanakufa. Nakukabidhi. Na akifa mmoja, mtoe haraka, asije akawachafulia wenzake maji."

Nakukabidhi. Mwalimu wa watu alilitamka tu, hakujua katika ua ule neno hilo lina uzito gani. Kwa kina Marieta, mnyama wa kukabidhiwa akifa mwenyewe, unamwonyesha mwenye mali ngozi, yamekwisha. Ukimuua wewe, unalipa aliye hai.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja Marieta akamkuta yule mkubwa kuliko wote, mwenye umbo la uyoga, ameingiza vidole vyote ndani. Ngozi yake ilikuwa imepauka rangi na kung'aa kana kwamba imepakwa nta. Akamgusa. Wapi.

Alimtoa saa ile ile. Ngozi akaiwamba kwa miiba kwenye ubao nyuma ya jiko, mwenye mali aje aione.

Jioni mwalimu akapiga simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, yule mkubwa amekufa."

Kisha yakaanza maswali. Pampu inazunguka? Inazunguka. Joto la maji? Kipimo cha chumvi? Taa? Marieta alizunguka tangi, simu sikioni, akimsomea kimoja kimoja, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Basi punguza maji ndoo moja, uongeze yale niliyochanganya kwenye pipa."

Akafanya. Haikupita wiki, wawili wengine wakajifunga vivyo hivyo. Idd akasema taa ipunguzwe, akajifunga mwingine. Akasema pampu igeuzwe, mwingine tena. "Sielewi, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa msibani. Ubao nyuma ya jiko ukazidi kujaa. Marieta akaacha kula chakula cha jioni. Binti yake Zita alipomwambia kwamba hivyo ni vidude tu vya majini, alimtazama mpaka binti akaenda zake kukamua.

Siku mwalimu aliporudi alikuwa amebaki mmoja, na huyo naye alijifunga asubuhi ile. Marieta alikuwa ameshakunja mikono ya sweta amtoe, hodi ikapigwa.

Hakumficha kitu. Alimpeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha ngozi zote, kavu, zimewambwa vizuri kwa mpangilio wa kufa kwao. Mwalimu Idd alionekana kama mtu aliyepigwa kofi asilolitegemea.

"Walikuwa wananuka ulipowatoa?" aliuliza.

"Hata kidogo. Niliwahi."

Idd akainama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Umri wao ulifika, mama. Si wewe. Huyu aliyebaki niachie mimi."

Marieta akashusha pumzi. Usiku huo alikula.

Jumapili, akitoka kanisani, akampelekea mpangaji wake maziwa. Akamkuta amesimama mbele ya tangi. Juu ya jiwe, yule mnyama wa mwisho alikuwa anaambua ile nta yake vipande vipande, maji ya pampu yakivichukua, na chini yake vidole vilikuwa vinatoka, kimoja kimoja, vibichi.

Marieta akaweka maziwa chini. "Huyu alikuwa amekufa."

"Hakuwa amekufa, mama. Hujifunga, akavua ngozi, akafunguka tena. Hasa maji yakibadilishwa, au taa. Mimi ndiye sikukwambia. Hata kwenye simu haikunijia kabisa kwamba unawatoa wakiwa hivyo."

"Na wale wengine?"

"Mama, mimi ndiye niliyekwambia uwatoe haraka."

"Nakuuliza wale wengine."

Mwalimu akatazama sakafu. "Walikuwa hai."

"Wote?"

"Wote, mama."

Marieta akatoka bila kuaga. Idd alimwona kupitia dirishani akikatiza ua kuelekea zizini, gauni lake la kanisani likiburuta kwenye samadi. Aliporudi alikuwa anamvuta mtamba, yule mwenye mimba ya kwanza. Akasimama naye mlangoni, akanyoosha mkono wenye kamba, na uso wake ukamfanya mwalimu aipokee.