Tairi la Meno

"Tata Symphorien, mi nachunga bagonjwa usiku muzima. Nafika hapa, nafunga macho, na weye unawasha mashini ya kusaga bunga."

"Haiko ya bunga, mama Florentine. Iko kinga."

"Kinga inaenda. Yako inasimama palepale, inanguruma tu."

Symphorien alikuwa bado juu ya baiskeli yake, hiyo kinga, katikati ya sebule. Nyumba zao ni pacha, zile za kambi ya zamani ya wafanyakazi: ukuta mmoja, familia mbili. Mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Na goti la Symphorien, tangu lori limbane kule mgodini Mutoshi, lilikuwa linazidi kukakamaa. Daktari alimwambia akanyage pedali asubuhi na mchana, la sivyo asahau kazi ya udereva. Barabarani hakuthubutu, kwa malori yale na vumbi lile. Ndiyo akaenda mtaa wa Manika kutafuta stendi ya kushika gurudumu la nyuma, aendeshe ndani.

Muuzaji, Guelord, alimpa mbili ajaribu, hadi leo jioni. Ile inayokaza gurudumu kwa feni ilipiga kelele siku ya kwanza tu, akairudisha kwenye gunia. Hii ya sumaku, Guelord aliapa kwamba ni bubu. Nayo ndiyo hii inanguruma.

"Nitarudisha zote mbili," alisema, bila hata kukasirika. "Goti likauke, basi."

Florentine alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akashusha pumzi, akarudi na macho yake mekundu.

"Zungusha kidogo."

Akazungusha. Florentine akainama, akapapasa gurudumu.

"Tata, haya meno yote ya nini? Unapanda mulima humu ndani?"

Lilikuwa tairi la njia za mchanga, na kila jino lilipopita juu ya rola ya stendi lilikuwa linaigonga. Siku nne zote Symphorien alikuwa akilaumu stendi.

Florentine akaenda kwake, akarudi na tairi kuukuu, limelika hadi kuwa laini kama kiwiko. Marehemu mume wake alilitumia kwenye kinga yake ya kubebea makala, yaani makaa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa. Kwa kuwa goti lilikataa kuchuchumaa, wanawake wawili ndio waliolivalisha, Florentine na Tatiana, mke wa Symphorien, wakimsema yeye kana kwamba hayupo.

Kisha Florentine akaenda upande wake wa ukuta kusikiliza. Symphorien akakanyaga. Goti likauma, likakunjika. Akaendelea kukanyaga, hadi akadhani jirani amelala.

Florentine akatokea mlangoni, kitenge begani.

"Nasikia pumzi yako tu. Ile siwezi kukataza. Bakia na ya sumaku, ya feni mupelekee Guelord."

"Na weye umekula saa ngapi?" Tatiana akauliza kutoka jikoni, akipakua ugali na kisamvu.

"Jana."

"Bukari iko moto, na sombe. Ingia, mama, ukule kwanza. Utalala kisha."