Ngolo za Baba Devotha

Filamu fupi ya wauza usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kijiji cha Kihagara ilipokwisha, watu walipiga makofi, na Devotha akatamani yasiishe. Iliyofuata ilikuwa yake. Dakika kumi na mbili tu, lakini angekuwa na uwezo, jioni ile angezima umeme wa Mbinga nzima.

Maana safu ya tatu alikuwa ameketi baba yake, Mzee Kilian, kavaa koti lake la kwendea misa, wala hajui binti yake amepiga filamu ya nini. Devotha hakumwambia. Ujinga gani huu, jamani! Mtu anamwanika baba yake mbele ya ukumbi mzima, kisha anamkaribisha na soda juu.

Ni hivi. Huku milimani mwanaume anafyeka na kupanga nyasi miraba miraba. Kuchimba yale mashimo katikati, ngolo zenyewe, na kuzifukia nyasi kwa udongo, hiyo ni kazi ya mwanamke. Mama yake Devotha alipofariki, Kilian hakuwa na dada wala shemeji wa kumsaidia. Akawa anadamka alfajiri, anachimba mwenyewe, na kukipambazuka yuko nyumbani ananawa uso kama mtu aliyetoka kitandani. Devotha alikuwa na miaka saba. "Usimwambie mtu," baba alimwambia, naye akanyamaza miaka ishirini na tatu. Leo anawaambia wote kwa mpigo.

Hamidu, mwandaaji wa tamasha, akabonyeza kompyuta yake. Kwenye kitambaa cheupe akatokea mwanaume kainama shambani, jembe mkononi, anachimba ngolo. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Huyo kakaliwa na mkewe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Devotha alijifunika uso kwa mtandio. Alijichukia.

Filamu ilipokwisha, Hamidu akawasha taa na kuuliza kama kuna mwenye swali. Mzee Kilian akasimama. Devotha alijua baba anaondoka, na kwamba hatamsemesha tena.

"Huyo mwigizaji wenu," mzee akasema, "hajui kuchimba. Nyasi kaziacha nje. Ikinyesha mvua moja tu, shamba lote linateremka bondeni."

"Wewe mzee, mambo ya wanawake umeyajulia wapi?" akadakia yule yule wa nyuma, na kicheko kikaanza upya.

"Nimechimba," Kilian akajibu. "Misimu sita. Watoto walitaka kula."

Kicheko kikakatika. Mzee alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Devotha akainuka amfuate, lakini Bibi Kunigunda, jirani yao wa siku zote, akawahi kusema.

"Baba Devotha, usihangaike. Sisi wanawake tulijua tangu msimu wa kwanza. Si tulikuwa tunapita shambani kwako kwenda kisimani? Tulikuona. Tukakubaliana tuwe tunazunguka kwa chini, usije ukaona haya."

Kilian akamgeukia.

"Kwa chini? Kule kwenye mawe?"

"Kule kule."

"Misimu yote sita?"

"Yote, na ndoo kichwani."

Mzee Kilian akaketi, akalia waziwazi mbele za watu, na Devotha akaenda kukaa naye.