Sauti ya Kasuku

Wenzake kazini walimwita Kasuku, wala jina hilo halikumuudhi. Mkalimani ni nini kama si kasuku mwenye mshahara? Mjumbe akisema "mimi", naye anasema "mimi". Mjumbe akilia, sauti yake nayo inalowa. Na sauti aliyojaliwa, ya chini na tamu, ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni.

Siku hiyo mataifa yalikutana kujadili chuki dhidi ya Wayahudi na dhidi ya wengine wanaochukiwa bure, chuki inayozidi kupanda kila kona. Kasuku aliingia kwenye kibanda chake cha vioo kwa moyo mmoja, maana mavyaa wake, mama mzazi wa mumewe, ni Myahudi. Mume alikuwa safarini, na wanawake hao wawili waliishi peke yao ghorofa ya tatu. Macho ya mavyaa yalikuwa yameshaingia ukungu. Watu aliwajua kwa sauti tu.

Mjumbe mmoja akasoma vitisho walivyotumiwa Wayahudi wa nchini kwake, ili ukumbi uone aibu. Alisoma polepole, kama kwa upole. Kasuku akamfuata vilevile: "Tunaujua mlango wenu. Tunajua mnapolala. Tutakuja kama wageni."

Wajumbe wakainamisha vichwa.

"Umeua, dada," mwenzake wa kibandani akanong'ona baada ya kuzima kipaza sauti. "Lakini si ungetia 'nanukuu'?"

"Ameshasema anasoma. Sisi hatuongezi neno."

Jamani, neno moja tu lile! Mtu asiyejulikana akakata kipande hicho cha sauti, akakitupa mitandaoni bila kichwa wala miguu, na wenye chuki wakakipokea kama zawadi.

Kesho yake jioni, Kasuku akiwa ndani ya lifti ya kazini, simu ya mtu ikasema kwa sauti yake: "Tunaujua mlango wenu." Mwenye simu akacheka. Dukani akaisikia tena, nyuma ya rafu za sabuni, na yeye mdomo kaufumba. Akajishika koo. Aliogopa, tena sana, na hofu yote ilikuwa moja: Mama asiisikie.

Akapanda ngazi mbiombio. Ghorofa ya tatu, kwa jirani wanayetazamana naye, mlango ulikuwa wazi kidogo. Humo ndani sauti yake ilikuwa ikisema, inamaliza, inaanza upya, na watu wanacheka.

Akatia ufunguo mlangoni kwake. Komeo la ndani lilikuwa limefungwa, jambo ambalo Mama hakulifanya hata siku moja. Akabisha.

"Nani?"

Kasuku akafumbua mdomo, akaufumba. Lugha nne kichwani, na hakupata pa kuanzia.

"Nani wewe?" Sauti ya kikongwe ilikuwa inatetemeka.

"Mama," akasema, kwa upole wote aliokuwa nao. "Ni mimi. Nifungulie."

Kisha akasikia meza ya kulia chakula ikiburutwa, taratibu, kwa nguvu zote za bibi kizee, mpaka ikagota mlangoni.