Miguu ya Petro Mtakatifu

Waokaji mikate wa Napoli wana sauti za kuita wateja kutoka mtaa wa tatu, na asubuhi ile sauti zote zilikuwa ndani ya karakana ya Porzia Cafaro, zinamcheka.

Wazee watatu wa chama chao walikuja kuikagua picha waliyomwagiza, ya kutundikwa juu ya altare yao sikukuu ya Petro na minyororo yake. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, imekaa sakafuni: Petro gerezani, malaika kamshika mkono, minyororo inamdondoka. Giza tupu, na mwanga mmoja tu unaolikata kutoka kulia.

"Hii miguu au mitumbwi?" aliuliza Mzee Tizzano, mwenyekiti wao. "Na uchafu wote huu! Mtume wa Bwana alikosa hata maji ya kunawa?"

"Hebu ngoja," mwenzake akasema, ameinama. "Kidole gumba hiki nakijua. Si cha Aniello hiki, yule mchochea tanuri wako?"

"Ni cha Aniello," Porzia akajibu. "Petro alikuwa mvuvi, hakuwa askofu. Nilitaka miguu iliyofanya kazi."

Loo, walicheka hadi unga ukawapukutika ndevuni! Aliyecheka kuwashinda wote ni Orazio, shemeji yake. Tangu mume wa Porzia afariki, Orazio alikuwa akiimezea mate karakana ile. Chama cha wachoraji kilimpa mjane sharti moja: picha hii ikikubaliwa, yeye ndiye fundi mkuu, na ruhusa ya kuandika jina lake kwenye kazi zake anayo. Ikikataliwa, karakana ni ya Orazio, na Porzia atarudi kusaga rangi. Miaka kumi na miwili alichora nyuso na mikono kwenye picha zilizobeba jina la mumewe, mji mzima ukamsifia mumewe.

"Usijali, shemeji," Orazio akamwambia. "Kusaga rangi unajua sana."

Damu ilimchemka Porzia. Akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee Tizzano, uliniagiza picha ya sakafuni?"

"Ya altareni."

"Basi itazameni altareni. Kesho, saa tatu asubuhi. Mkiikataa pale, nitaichana kwa mkono wangu huu huu."

Wabishi wale wangeweza kukataa, lakini sikukuu ilibaki siku nne na ukuta wao ulikuwa mtupu. Wakakubali shingo upande.

Kesho yake kanisa lilifurika. Waokaji, wake zao, majirani, hata watu wasiojua altare hiyo ni ya nani; kumwona mjane akiumbuka ni starehe ya bure. Picha ilivutwa juu kwa kamba, urefu wa watu wawili, ikafunikwa shuka. Porzia hesabu zake alikuwa nazo. Kabla ya kugusa brashi alipiga magoti siku nane mbele ya ukuta ule mtupu, watu wakidhani anamlilia marehemu. Kumbe anapima! Mtu aliye chini anaona nini kwanza? Jua linaingia dirisha gani, na saa ngapi?

"Funua basi!" Tizzano akafoka.

"Bado. Pigeni magoti kwanza."

"Mimi? Na goti bovu hili?"

"Kwani ukiomba huwa unasimama, mzee?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kumcheka yeye. Tizzano akashika nguzo, akashuka akiguna, na wengine wote wakashuka.

Jua likaingia dirisha la kulia. Porzia akavuta shuka.

Kutoka pale chini, miguu ilikuwa saizi yake kamili, miguu ya mwanamume aliyetembea sana. Mwanga wa dirishani ulifika ukingoni mwa picha, ukaingia ndani, ukaendelea hadi usoni mwa Petro, uso wa mtu ambaye hajaamini kwamba yu huru. Wayo mmoja ulishavuka kizingiti cha gereza, unatafuta pa kukanyaga.

Mzee Tizzano akarudi nyuma kwa magoti. Halafu akageuka na ile sauti yake ya sokoni:

"Anatoka! Jamani, mpisheni njia! Mpisheni!"

Na watu wakapisha! Watu wazima na akili zao, wakisukumana kwa magoti, wakafungua njia katikati ya kanisa hadi mlangoni. Aniello, pekupeku, analia waziwazi: "Miguu yangu ile! Mnaiona? Yangu ile!" Hata Orazio alisogea. Alipojigundua amesogea, uso ulimwiva kwa haya.

Porzia alicheka huku machozi yakimtiririka, na wala hakuyafuta.

"Mbona jina lako silioni?" Tizzano akauliza.

"Nilikuwa sijaruhusiwa kuliandika."

"Picha tumeikubali, basi ruhusa unayo. Leteni ngazi! Na wewe Orazio, unashangaa nini? Mshikie shemeji yako ngazi."

Orazio akashika. Porzia akapanda na brashi yake, hadi kwenye jiwe la kizingiti pichani, chini ya wayo wa Petro.

"Liandike kubwa, bibi!" Tizzano akampigia kelele, bado yuko magotini. "Tulisome tukiwa hapa hapa!"

Akaliandika kubwa.