Kasuku Asiyejua Kushuka

Miezi saba mfululizo fundi miwani alikuwa akimfundisha kasuku wake kushuka, na katika muda wote huo hakutokea mtu hata mmoja nyumbani aliyeelewa kwa nini ndege afundishwe jambo kama hilo.

"Ndege anafundishwa kushuka?" wifi yake aliuliza siku moja, mkono kiunoni. "Basi na samaki naye apelekwe shule ya kuogelea."

Kocha alicheka mpaka akakohoa. Kocha alikuwa kaka wa huyo wifi na mume wa fundi miwani. Alifundisha michezo shuleni, na watu wote, hata mkewe, walimwita hivyo. Fundi miwani hakucheka. Alieleza kwa mara ya ishirini, polepole, kama anavyowaeleza wateja wanaotaka kuendesha gari na miwani ya kusomea: ndege aliyelelewa sebuleni ana mabawa lakini hana ujuzi. Kupanda hakumshindi, maana akishtuka tu mwili wenyewe unampandisha. Kushuka ndiko kwenye kazi. Lazima apunguze mwendo, azunguke, akisie umbali, aamini kwamba atafika chini mzima. Wenzake wa porini hujifunza kwa wazazi wao. Huyu alianguliwa kwenye mashine, akalishwa kwa bomba la sindano, na mahali pa juu kuliko pote alipowahi kutua ni kwenye fimbo ya pazia.

"Kwa hiyo akipanda juu sana?"

"Atabaki huko huko akilia, mpaka njaa imwangushe au mwewe amchukue."

"Mmh. Makubwa," wifi alisema, akarudi kwenye simu yake.

Kasuku mwenyewe aliitwa Karani, kwa sababu ya namna alivyotembea juu ya meza ameinamisha kichwa, akigeuza karatasi mojamoja kwa mdomo kama mtu anayetafuta faili lililopotea. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla hajala, fundi miwani alimsimamisha kwenye mzani wa jikoni na kuandika uzito wake kwenye daftari. Gramu mia nne na kumi. Mia nne na kumi na nne. Ndege aliyeshiba hasikii filimbi, na aliyekonda hana nguvu ya kurudi, kwa hiyo ilibidi ajue. Kisha walitoka kwenye ngazi za jengo lao. Karani alibaki juu, yeye akashuka ghorofa moja, akapuliza filimbi mara mbili, akanyoosha mkono wenye nusu karanga.

Mwezi wa kwanza Karani alimtazama tu. Mwezi wa pili alishuka kwa miguu, kidato kwa kidato, akinung'unika. Mwezi wa nne ndipo alipojitupa, akagonga ukuta, akamwangukia kifuani. Kocha alipokubali kusaidia, alimwachia ndege kabla ya filimbi, kwa sababu mkono ulimchoka au kwa sababu aliona jirani anapita akataka kumsalimia. Kila alipofanya hivyo, somo la wiki nzima lilikwenda na maji.

Nje walitoka alfajiri tu, kwenye uwanja mtupu, Karani amevaa mkanda mwepesi wa kifuani uliofungwa kamba ndefu. Bila kamba, bado. Siku ya upepo, hapana. Mbele ya wageni, hapana kabisa. Fundi miwani aliyaandika hayo kwenye karatasi akaibandika kwenye jokofu, na Kocha aliifunika na ratiba ya mechi.

Jumamosi moja mchana alikuwa dukani, ameinama mbele ya mzee mmoja akimpima macho, simu ikaita mara tatu mfululizo. Akaomba radhi, akapokea.

"Karani ametoka," Kocha alisema.

"Ametoka vipi?"

"Ametoka tu. Yuko nje."

"Mlango amefungua nani?"

"Mlango ulikuwa wazi."

Alimwomba mzee arudi Jumatatu, akafunga duka, na njiani habari yenyewe ikamkalia sawa kichwani, maana alimjua mumewe. Wifi alikuja kutembea. Wifi alitania, kama kawaida yake, kwamba kasuku wao ni pambo la kabati. Kocha akataka kumwonyesha. Na kwa kuwa alijua Karani hajamzoea, alimbembeleza kwanza kwa karanga, tena si nusu, bali kiganja kizima. Kwa hiyo ndege alitolewa roshani bila kamba, siku ya upepo, mbele ya mgeni, tumbo limejaa. Kama kulikuwa na kosa la tano, Kocha alikosa muda wa kulifanya.

Alipofika, alimkuta mumewe katikati ya barabara ameinua kichwa, na wifi pembeni yake akirekodi. Upepo ulikuwa umemnyanyua Karani mara tu alipoinua mabawa. Alijaribu kurudi, kunguru wawili wakamwona, wakamfukuza juu ya mapaa mpaka kwenye mnara wa simu ulio nyuma ya kiwanda cha unga. Sasa alikuwa kwenye chuma cha karibu na kilele, kitone cha kijivu, analia.

Fundi miwani alipuliza filimbi mara mbili. Karani akaitikia. Akajongea ukingoni, akainama, akafungua mabawa, akayafunga. Akafanya hivyo tena. Kila mtu aliyekuwa pale aliona ndege mkaidi. Yeye aliona mwanafunzi aliyeulizwa swali la somo ambalo mwalimu hajalifikia.

Watu wakakusanyika na ushauri wao. Mmoja akasema mnara upigwe kwa nondo. Mwingine akasema mwewe wa eneo lile hula saa kumi, wasubiri waone. Kuna aliyeokota jiwe, na fundi miwani akamshika mkono bila salamu.

"Tatizo lako unamdekeza," wifi alisema. "Mwenyewe akichoka atashuka."

Fundi miwani aliuma meno. Angefungua mdomo siku ile, undugu ungeishia palepale barabarani.

Giza lilipoingia waliondoka mikono mitupu. Jumapili alfajiri alikuwa amerudi, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimetulia kidogo, aliona la kufanya. Paa la kiwanda cha unga lilikuwa bapa, na kimo chake kilikaribia pale alipokaa Karani. Kama ndege hawezi kumshukia, yeye atampandia. Akimwita kutoka usawa ule, Karani atavuka moja kwa moja, kama anavyovuka sebule.

"Juu hapandi mtu," mlinzi wa kiwanda alimwambia.

"Dakika kumi tu, kaka. Ndege wangu yule pale."

Mlinzi alitazama mnara, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Namwona, dada yangu. Maskini. Lete barua ya meneja."

"Meneja yuko wapi?"

"Leo Jumapili."

"Basi nipe namba yake."

"Namba yake haitolewi bila barua."

Fundi miwani alisimama nje ya lango lile kutwa nzima, jua la utosi likimla, filimbi mdomoni, akimsikia Karani sauti ikipungua. Mara mbili mwewe alipita chini ya mawingu na Karani akanyamaza, akajibana kwenye chuma. Mara zote mbili fundi miwani naye aliacha kupumua. Kocha alileta maji. Akasema lango lile angelipanda kama si goti lake.

Jumatatu meneja alikuwa kwenye kikao. Kikao kilipokwisha alikuwa kwenye simu. Ilipofika saa nne na nusu alitoka, akasikiliza maelezo nusu, akasema, "Kumbe ni hilo tu? Si ungepanda tangu jana?" Mlinzi alitazama viatu vyake. Fundi miwani alipanda ngazi za chuma akiwa amejaa maneno hata asione urefu wake.

Juu kulikuwa na upepo mdogo na vumbi la unga. Karani alikuwa mbele yake, hatua kama arobaini hewani, manyoya yametimka, jicho limezama. Alinyoosha mkono, akapuliza mara mbili. Ndege akamtambua. Akainama mbele, akainua mabawa, na safari hii fundi miwani alijua anakuja.

Wakati huohuo sauti ikatoka chini. "Karaniii! Njoo kwa baba!"

Alikuwa Kocha. Alikuwa ameambiwa abaki shuleni. Alisimama uani mwa kiwanda na mkate mkononi, akiupunga kama bendera, wifi nyuma yake na simu. Karani aligeuza kichwa. Akaruka, lakini hakuvuka. Alichepuka katikati ya njia, na palepale kunguru mmoja akamtokea nyuma.

Fundi miwani alifumba macho, akayafumbua. Karani hakupanda. Alitanua mkia, akaelemea upande mmoja, akaanza kuzunguka, mzunguko mpana, kisha mdogo wake, kila mara chini kidogo, akipunguza mwendo kwenye kona kama alivyokuwa akifanya kwenye kona za ngazi za jengo. Kunguru alimng'oa manyoya, akapitiliza. Karani aliyumba, akajisawazisha, akamaliza mzunguko wa nne, akatua kwenye bega la Kocha na kuuvamia mkate.

Watu walipiga makofi. "Si mmeona?" Kocha aliwaambia. "Nilisema tangu mwanzo, huyu anajua."

Juu ya paa, fundi miwani alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa ameona kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya kwa mikono yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wote chini walidhani wameona ndege akifuata mkate.

Daktari wa mifugo alikuta jeraha chini ya bawa la kushoto na manyoya matatu ya mkia hayapo. Kwenye mzani Karani alikuwa gramu mia tatu na hamsini na moja. Alipewa dawa na amri ya kupumzika. Jeraha lilipona baada ya wiki mbili, lakini Karani hakuruka tena, hata kutoka kwenye kiti mpaka mezani. Aliposikia kunguru dirishani alikimbia kwa miguu chini ya kochi. Nje ya nyumba, Kocha alikuwa akisimulia jinsi alivyomwokoa, na kila alipoongeza chumvi mnara ulirefuka.

Jioni moja alimkuta mkewe sakafuni, tumbo chini, akimbembeleza ndege atoke.

"Ataruka lini tena?"

"Sijui."

"Itachukua miezi saba?"

"Labda mwaka. Labda basi."

Kocha alikaa kwenye kochi, kisha akakumbuka ndege yuko chini yake, akainuka. "Nilitaka dada aone," alisema.

"Aone nini?"

"Kila akija hapa anatafuta kilichoharibika. Ukuta, bomba, goti langu. Nikataka aone kitu kimoja kwetu kinachofanya kazi."

Fundi miwani aligeuka kumtazama. Alikuwa na maneno yake tayari, aliyapanga kwa wiki tatu, tena makali. Alishangaa kuona hayatoki yote. Yakatoka machache.

"Kilikuwa kinafanya kazi, Kocha. Wewe ndiye hukuwa unakitazama. Alishuka mizunguko minne akiwa na kunguru mgongoni, na ukasema ni mkate."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Leo bado."

Mumewe akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza yeye anaweza kufanya nini, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani nyuma yake.

"Kesho nawahi dukani. Mpime kabla hajala. Usimshike, mwache apande mwenyewe kwenye mzani, hata ikichukua nusu saa. Uandike."

Kesho yake jioni alirudi macho yamechoka, mteja amemrudishia lenzi mara mbili, akafungua daftari. Mwandiko wa Kocha ulikuwa mkubwa, umetoka nje ya mistari. *Gramu 372. Alikataa dakika arobaini. Nimechelewa shule.* Fundi miwani alisoma, akasoma tena. Hasira ilikuwa bado ipo. Tarehe ilikuwa imekosewa. Akachukua kalamu akaisahihisha, kisha akaenda kumbadilishia Karani maji.