Betri ya Baba Mkwe

Kaka yangu aliponiomba nimfungie umeme kwenye boti yake mpya ya kuvusha abiria, nilimwomba muda wa kufikiri. Umeme nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua redio za watu na kuzifunga tena, na nimezoea kwenda polepole kwa sababu kila nilipoharakisha niliunguza kitu.

Nilichora mpango kwa chaki kwenye sakafu ya boti. Betri moja peke yake ya kuwasha injini, isiguswe na kitu kingine chochote. Nyingine mbili ziwe pacha, za aina moja na umri mmoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, za kubeba taa, redio na pampu ya kutoa maji. Zote zikae kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, chini ya benchi la katikati, zifungwe mikanda, maana betri ni nzito na boti haipendi mzigo unaotembea.

Kaka akanunua kama nilivyosema. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mkwe wake alipotokea na toroli.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Siku ya harusi, kaka alipopewa nafasi ya kushukuru, alishukuru kila mtu, kisha akatia utani kwamba lori la baba mkwe lililoleta wageni linakohoa kama mgonjwa wa kifua. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Lori lile lilikuwa limesomesha watoto wake wote. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka, na salamu zake zilipitia kwa mama mkwe.

Sasa alisimama mbele yetu, na ndani ya toroli kulikuwa na betri ya lori lilelile, imefutwa vumbi na kupakwa mafuta.

"Nimesikia unatengeneza boti," alimwambia kaka. "Na mimi nimeleta mchango wangu."

Shemeji, mke wa kaka, alimwangalia baba yake, akamwangalia mumewe, kisha akaniangalia mimi kwa jicho lisilohitaji tafsiri. Betri ile ingefungwa.

Niliipima. Ikiwa imepumzika ilionekana nzima. Nilipoipa taa mbili tu ibebe, ilianguka kama mtu aliyeinuliwa ghafla kitandani. Betri ya namna hiyo ukiiunganisha na zile pacha, nzima zitamaliza nguvu zao usiku kucha zikiilisha mgonjwa, na asubuhi zote tatu ziko taabani. Nilimweleza kaka hivyo. Akanijibu, "Mdogo wangu, ile betri ndiyo mkwe wangu. Ukiikataa, umemkataa yeye." Shemeji akaongeza kwamba baba yake asipopanda boti siku ya kwanza, naye hapandi, na mtu atajipikia mwenyewe.

Nikaiweka betri ya mzee katikati ya sanduku, mahali pa heshima. Niliifunga waya mnene mwekundu, unaong'aa, ambao ulizunguka nyuma ya ubao na kuishia hapo, umezungushiwa utepe wa plastiki, hauendi popote. Kutoka kwenye betri hiyohiyo nikapitisha waya mwembamba hadi kwenye honi. Nikaridhika.

Ila mzee akaanza kuja kila siku. Anafunua sanduku, anafuata nyaya kwa kidole, anaguna.

"Huu mwekundu unakwenda wapi, kijana?"

"Unakwenda mbele, mzee."

"Mbele kuna nini?"

"Kuna mambo mengi."

Anaguna tena, anaondoka, nami nabaki nikijifuta jasho. Nilidhani anakagua kama zawadi yake imepewa heshima.

Siku moja kabla ya safari ya kwanza, kaka na shemeji wakiwa wamekwenda kula, nilikuwa nimelala chali chini ya benchi la nyuma nikikaza pampu. Nikaona viatu vya mzee vinaingia botini kwa kunyata. Kisha nikasikia spana. Nilipojitoa kule chini nilimkuta amepiga magoti, anafungua betri yake mwenyewe.

Aliketi kwenye benchi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba betri ile ilimzimikia barabarani mpaka akachoka kuhesabu. Mama mkwe alikuwa amemwagiza akapatane na mkwewe na asiende mikono mitupu, na mle stoo hakukuwa na kingine cha kubeba. Tangu aitoe hapati usingizi. Anaiona boti imezimika katikati ya maji, binti yake ndani, na mkwewe amesimama na maneno mengine ya kusema.

Nikamwonyesha waya mnene unapoishia, halafu ule mwembamba. Akaufuata mpaka kwenye honi. Mabega yakamshuka, akacheka hadi machozi. Halafu akafuta macho.

"Honi tu?"

"Honi tu, mzee."

"Hata taa moja?"

"Si umesema mwenyewe imekufa?"

"Mimi naweza kusema. Ni yangu."

Nikampa taa moja ndogo, juu ya kiti cha nahodha. Akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Nilimwacha akiitazama.

Hakuna aliyekumbuka kuizima, ikainyonya betri usiku kucha. Nilipogundua, asubuhi, ndugu na majirani walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi na kaka amesimama kutoa shukrani. Shemeji alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Kaka alisema betri ziko kadhaa, lakini yenye historia ni moja, kisha akamwomba baba mkwe apige honi ya kwanza.

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama maji. Akabonyeza.

Honi ilianza kama ng'ombe, ikashuka ikawa mbuzi, ikamalizia kama mtu mwenye mafua anayeita jina la mtoto. Kisha kimya. Karibu wote mle ndani walikuwepo kwenye harusi ile, na waliobaki walisimuliwa. Wakageuka kumwangalia kaka. Alifungua mdomo, niliona neno limefika kwenye meno. Shemeji hakupepesa.

Kaka akalimeza. "Inasikika vizuri, baba."

Mzee akaondoa kidole kwenye honi. "Inakohoa, mwanangu," akasema. "Na lile lori nalo lilikuwa linakohoa. Washa injini twende."

Kaka akageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja, kwa betri yake peke yake. Tulipofika katikati ya maji, mzee alikuwa ameketi chini ya taa yake iliyozimika, akimweleza jirani kwamba huko mbele kuna mambo mengi, na yote yanategemea betri ya lori.