Pindo la Mguu wa Kushoto

Barua ya kuninyima hifadhi ilikuwa na kurasa kumi na moja, lakini iliyoniuma ni sentensi moja: "Mwombaji hakuweza kueleza alimtambuaje mtu aliyefunika uso." Zilizobaki zilinieleza kwa adabu kwamba nijiandae kurudishwa kwetu, ama nikate rufaa ndani ya siku kumi na nne. Nikakata.

Afisa wa mahojiano hakunionea, niseme kweli. Aliniuliza nilijuaje kwamba yule mtu aliyekuja kuchoma duka langu la ushonaji alikuwa Kamanda wa polisi, si jambazi wa kawaida. Nikamjibu, "Nilimjua tu." Akasubiri. Na mimi nikasubiri. Akaandika.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyenipokea nilipofika na mfuko mmoja. Anaosha malori. Aliisoma barua akiwa bado amevaa mabuti yake ya mpira, maji yakichuruzika sakafuni.

"'Nilimjua tu,'" akasema. "Shemeji, hata mimi nisingekupa."

"Wewe tangu lini ukatoa kitu?"

"Mtu umepima viuno vya mji mzima, unashindwa kueleza jambo moja. Haya, tuanze taratibu. Mabega ya mwalimu mkuu wetu yalikuwa yake au pamba?"

"Futa maji yako."

Amekuwa akiniuliza kuhusu mabega hayo tangu yuko darasa la sita. Hajawahi kujibiwa. Mama, aliyenifundisha cherehani, alinikabidhi tepu ya kupimia pamoja na sharti moja: utakachokiona ukiwa na tepu mkononi, hakitoki nje ya duka. Mtu akivua koti mbele yako amekuamini kuliko anavyomwamini mkewe. Miaka kumi na tisa nimeshona, na sijawahi kumsema mteja.

Wakili wangu alikuwa binti wa umri wa kuzaliwa na mimi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi. Ngazi zilinuka tapentaini, na kiti cha wateja kilitegemezwa mguu mmoja kwa karatasi zilizokunjwa.

"Mama, serikali inashikilia kwamba wale walikuwa majambazi tu," alisema. "Jaji akikubaliana nao, unapandishwa ndege. Nipe cha kuwajibu."

"Sina."

"Huna, au hutaki?"

Nikainama, nikazisukuma karatasi chini ya mguu wa kiti.

Wiki moja kabla ya kesi akaniita. Upande wa serikali ulikuwa umeleta vielelezo vyake, na kimojawapo kilikuwa picha ya gazeti ya mwezi uliopita: Kamanda akikata utepe wa zahanati mpya. Eti kuonyesha kwetu kumetulia. Nikaitazama, nikacheka mpaka zile karatasi zikachomoka chini ya kiti.

"Mama, uko sawa?"

"Tazama miguu yake."

Suruali upande wa kulia ilishuka vizuri, ikagusa kiatu ikaishia hapo. Upande wa kushoto ilikuwa imejirundika juu ya kiatu kama soksi ya mtoto.

"Naona suruali imemzidi."

"Imemzidi mguu mmoja," nikasema. Kwanza nikamwomba mama yangu radhi kimoyomoyo. Nilipomaliza kumwomba, nikasema yote.

Mguu wa kushoto wa Kamanda ni mfupi kwa sentimita tatu. Amejizoeza kutembea asionekane anachechemea, lakini suruali haidanganyiki. Miaka sita nilimshonea suruali zote mimi, za kazi na za nyumbani, na pindo la kushoto nililikunja mara mbili kwa ndani, likawa nene kidogo. Tulijua watu wawili tu. Kisha manesi wakagoma, nikawashonea vitambaa vyeupe vya kichwani vya kuandamania, na yeye akaja na vijana wawili, nyuso zimefunikwa. Wakanilaza kifudifudi, wakamwagia mafuta cherehani. Aliyelazwa kifudifudi haoni nyuso, anaona mapindo. Nililiona langu, karibu na pua yangu, la suruali ya kijivu.

Wakili akaweka kalamu chini. "Na hukulisema hili kwenye mahojiano kwa sababu gani?"

"Alikuwa mteja wangu."

Binti wa watu akafumba macho kwa muda. Alipoyafumbua akaanza kutafuta kwenye kompyuta, na kabla sijashuka zile ngazi alikuwa amepata picha nyingine, ya miaka minne nyuma: Kamanda yuleyule gwarideni, suruali imelala sawasawa miguu yote miwili. Kazi ya mikono yangu. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe.

Chumba cha kesi kilikuwa kidogo, zulia la kijivu, jagi la plastiki mezani. Jaji alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wakili wa serikali alivaa suti nzuri, ila mkono wa kulia ulimfunika vidole. Sikusema kitu.

"Mahojiano ulifanya mwaka jana," akaanza. "Habari ya mguu tunaisikia leo. Si umeitunga baada ya kuiona picha yetu?"

"Nisingeweza kuitunga, baba. Picha ya zamani ina suruali iliyonyooka. Ile ilipigwa nikimshonea mimi; hii yenu imepigwa mimi sipo."

"Huenda siku ya zahanati aliazima suruali."

"Kamanda wa polisi haazimi suruali."

Jaji akaziweka picha mbili sambamba. "Kama ni hivyo," akauliza, "kwa nini asimpe fundi mwingine ampunguzie?"

"Ingebidi amwambie, mheshimiwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe? Kwa nini hukusema mapema?"

"Kwetu fundi hamsemi mteja. Nilidhani nikilishika hilo, angalau kitu kimoja changu hakijaungua. Lakini nimefikiri sana. Mtu aliyechoma cherehani yangu si mteja wangu tena. Mkinirudisha, atakuja kumalizia, maana aliyebaki anayejua ni mimi. Kwa hiyo leo namsema, na mkiniuliza kesho nitamsema tena: kushoto sabini na nne, kulia sabini na saba."

Jaji aliandika namba zote mbili.

Barua ilichukua siku ishirini na sita. Shemeji alitoka nayo chini, amevaa mabuti, akaifungua bila ruhusa yangu. Akasoma midomo ikicheza, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilikuwa napiga pasi shati lake. Nikaendelea kupiga sehemu ileile.

"Rufaa imekubaliwa," akasema. Akakaa juu ya ndoo. "Wameandika hapa: 'Maelezo yake kuhusu pindo yanaaminika.' Shemeji, hurudi."

Shati lilikuwa limeanza kunukia moto. Nikaiinua pasi haraka, nikalikagua shati, nikafuta macho kwa kola yake.

"Sasa kwa kuwa umejifunza kusema," akaendelea, "mabega ya mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu hajanichomea kitu," nikamwambia. "Futa maji yako."